Bibi aliposema "hakulea": Hatari ya kusoma vitenzi vya kale kwa miwani ya leo

DESEMBA iliyopita nilikuwa nyumbani Mwabungo, ukishapita Ukunda kuelekea Msambweni, kwa hitima ya mamangu mzazi. Wageni walipotawanyika na masufuria kurudishwa kwa wenyewe, mpwa wangu anayesoma chuo kikuu Nairobi alinifuata chini ya mwembe. Mkononi alikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

"Mjomba," akaniambia, "wewe ndiye mtu wa lugha. Hebu nisomee hii."

Niliutambua mwandiko kabla sijaufikia ujumbe. Mamangu alijifunza kuandika ukubwani, katika madarasa ya ngumbaru, na herufi zake zilikuwa kubwa na zimeachana kama mikoko ya kupandwa. Ilikuwa barua aliyomwandikia mjukuu wake miezi michache kabla hajafariki. Mlikuwa na salamu, dua na habari za kuku. Kisha palikuwa na maneno haya: "Mamako alipokwenda kazini hakupokea, hakuogesha, hakulea hata ukajua kutembea. Nawe usinisahau."

"Kwani mama alinitupa?" mpwa wangu akauliza. "Bibi asema hakunipokea, hakuniogesha, hakunilea. Nimekaa na barua hii zaidi ya mwaka. Nashindwa kumwuliza mama."

Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka, maana mtoto alikuwa karibu kulia. Mamangu alizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, akaolewa huku Udigoni. Na majirani alizungumza Kidigo. Nasi wanawe alizungumza Kimvita cha kwao, na ndicho alichoandika. Katika Kimvita hicho, "hakupokea" ni "nikakupokea". "Hakuogesha" ni "nikakuogesha". Na "hakulea", neno lililomkosesha msichana usingizi kwa mwaka mzima, ni "nikakulea".

Msomaji mpenzi, leo ningependa tuzungumze juu ya vitenzi vya namna hii, kwa sababu balaa iliyomkuta mpwa wangu huwakuta maelfu ya wasomaji wa mashairi yetu ya zamani, nao hawajui kwamba imewakuta.

Tuanze na sarufi yenyewe. Kiswahili cha kusimulia kina kiambishi -ka-: nikaenda, ukaenda, akaenda. Kwa wenyeji wa Mombasa wa zamani, na kwa washairi wao, nafsi ya kwanza umoja hufupishwa. "Ni" na "ka" hugongana, na kinachobaki ni "ha". Hivyo "nikamwona" huwa "hamwona", na "nikaenda" huwa "henda". Ndugu yake ni -ki-: "nikiwa" huwa "hiwa", "nikipita" huwa "hipita". Mtu wa Mombasa akikwambia "hija kesho takuletea", hazungumzii safari ya Makka. Anasema nikija kesho nitakuletea. Katika "takuletea" hiyo nayo, "ni" ya "nitakuletea" imemezwa kabisa, na msikilizaji wake haihitaji.

Angalia kwamba ufupisho huu una mipaka. Haugusi nafsi nyingine. Hakuna Mmvita anayesema "ha" akikusudia "ukamwona" au "akamwona". Hizo husimama kama zilivyo. Kwa hivyo kila "ha" ya namna hii hutaja nafsi moja tu, nayo ni mimi. Mambo yenye mpangilio wa namna hiyo huitwa kanuni.

Tatizo ni kwamba Kiswahili sanifu kina "ha" yake, nayo ni ya kukanusha. Mara nyingi hizo mbili hutofautishwa na kinachofuata. "Hamwambii" ni ukanushi: yeye hamwambii mwenzake. "Hamwambia" ni masimulizi: nikamwambia. Irabu ya mwisho ndiyo shahidi, na msomaji mwenye haraka humpita shahidi huyo bila hata kumsalimu. Lakini "ha" inapokutana na "ku" ya mtendewa, yaani wewe, shahidi huyo hayupo. "Hakulea" ya mamangu na "hakulea" ya kitabu cha sarufi zina silabi zile zile na mkazo mahali pale pale. Moja inasema mimi nilikulea wewe. Nyingine inasema yeye hakufanya kazi ya ulezi. Sijui jozi nyingine katika lugha yetu ambapo upendo na kutelekezwa huandikwa kwa herufi zile zile.

Je, msomaji ambaye hakukulia Mombasa atajuaje? Nilimwonyesha mpwa wangu njia tatu, nami naziandika hapa kwa faida ya wengine.

Ya kwanza ni kumtafuta mtendewa. Iwapo bibi alitaka kusema kwamba mama hakumlea yeye mjukuu, angehitaji "ku" mbili, moja ya wakati uliopita na moja ya wewe: "hakukulea". Katika barua "ku" ni moja tu. Ukiisoma kwa usanifu, sentensi inabaki na shimo: hakumpokea nani? Hakumwogesha nani? Ukiisoma kwa Kimvita, shimo halipo.

Ya pili ni kutazama msururu. Kiambishi -ka- hakipendi kutangulia. Aghalabu hutanguliwa na kitenzi kinachoweka tukio la kwanza, kisha chenyewe kikafuata kama behewa nyuma ya injini. Barua ilianza na "alipokwenda". Hiyo ndiyo injini. Nyuma yake yanafuata mabehewa matatu: hakupokea, hakuogesha, hakulea. Na angalia la nne, "hata ukajua kutembea". Hapo -ka- yajitokeza waziwazi, kwa sababu nafsi imegeuka kuwa ya pili na ufupisho hauruhusiwi. Mamangu alikuwa ndani ya -ka- tangu mwanzo hadi mwisho.

Ya tatu ni kuuliza maana inaelekea wapi. "Nawe usinisahau" ni ombi la mtu aliyefanya jambo. Hakuna anayeomba kukumbukwa kwa sababu mtu mwingine hakufanya kazi yake.

Mpwa wangu aliisoma barua mara ya pili kwa sauti, safari hii akiweka "nika" mahali pa kila "ha". Alipofika kwenye "nikakulea" hakuendelea.

Sasa, barua ya nyumbani ina bahati. Nilikuwapo, na dadangu yu hai wa kuthibitisha. Lakini Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mnamo 1840, na hatuna wa kumwendea. Mashairi yake yaliishi vichwani mwa watu na katika karatasi za hati ya Kiarabu. Mmisionari William Taylor aliyakusanya mwishoni mwa karne ya 19 kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, msomi wa Mombasa ambaye mara nyingi hutajwa pembeni ilhali alistahili kutajwa kati. Diwani yenyewe ilichapishwa na William Hichens huko Johannesburg mwaka wa 1940, karne nzima baada ya mtunzi kuzikwa. Kabla ya hapo Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, alikuwa ameshughulikia Kiswahili cha mji huo, na kamusi yake ikatoka London mwaka wa 1882. Kwa maneno mengine, Kiswahili cha "hamwona" na "hipita" ni miongoni mwa vilivyotangulia kuandikiwa kamusi. Hakikuwa lugha ya uchochoroni.

Kilichokigeuza kuwa kigeni ni uamuzi wa ofisini. Kikao cha Mombasa cha mwaka wa 1928 kiliafiki kwamba Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka wa 1930. Sina ugomvi na uamuzi huo. Bila ya lugha moja ya kitabu, mimi nisingeandika safu hii nawe usingeisoma ukiwa Kisumu au Garissa. Ugomvi wangu ni na mazoea yaliyofuata: tulikubaliana juu ya namna ya kuandika kuanzia siku ile kwenda mbele, kisha tukaitumia kuhukumu yaliyoandikwa kabla yake.

Mahali ambapo mazoea haya yameshika mizizi ni katika ufundishaji wa ushairi. Mwanafunzi wa kidato cha nne hujua kwamba akiona kitenzi kisichofanana na vya darasani, kuna pipa la kukitupia. Pipa hilo huitwa uhuru wa mshairi, au idhini ya mshairi. Ndani yake kuna vigawanyo: inkisari ni kufupisha neno, mazida ni kulirefusha, tabdila ni kubadilisha silabi, kuboronga sarufi ni kupangua mpangilio. Mwanafunzi akikutana na "hamwona" huandika "inkisari", hupewa alama, na hufunga kitabu akiwa hajui kama mshairi alimwona mtu huyo au hakumwona.

Nililizungumza jambo hili na rafiki yangu ambaye amefundisha sekondari kwa miaka mingi, na kwa haki nieleze hoja zake, kwani hazikuwa dhaifu. Kwanza, alisema, orodha hiyo ina kigawanyo cha lahaja, kwa hivyo mwanafunzi anayejua anaweza kuandika "lahaja" badala ya "inkisari". Pili, mshairi huhesabu mizani. "Nikakulea" ina silabi tano na "hakulea" ina nne. Mshairi akihitaji nne, atachukua ya nne. Je, huko si kufupisha kwa ajili ya mizani?

Hoja ya pili naikubali nusu. Ni kweli kwamba mshairi wa Mombasa alikuwa na sura zote mbili mdomoni, akachagua inayoingia katika kipande chake. Lakini kuchagua si kuvunja. Seremala mwenye misumari ya inchi mbili na ya inchi tatu akitumia ya mbili, hatusemi kwamba ameukata msumari. Inkisari ya kweli ni pale mshairi anapolikata neno ambalo nje ya shairi hakuna anayelikata. Mamangu hakuwa akihesabu mizani alipomwandikia mjukuu wake. Alikuwa akizungumza.

Kuhusu lahaja, ndiyo, neno lipo katika orodha. Lakini tazama limewekwa wapi: katika orodha ya makosa yanayosamehewa. Mtoto wa Mji wa Kale, au wa Mwabungo ambaye bibi yake alitoka huko, hufundishwa kwamba maneno ya nyanyake ni ukiukaji ambao mshairi ameruhusiwa na yeye hajaruhusiwa. Akiandika "hamwona" katika insha, kalamu nyekundu itapita. Akiikuta katika shairi, ataambiwa ni umahiri. Mtoto mwenye akili hujiuliza, na ana haki ya kujiuliza, kwa nini maneno yale yale ni umahiri kwa marehemu na ni kosa kwa bibi.

Tukitoka kwenye "ha" na "hi", tunakuta vitenzi vingine ambavyo pipa hilo huvimeza. Mashuhuri zaidi ni vya kiishio cha -ile. Msomaji wa tenzi za Lamu na Pate, na wa mashairi ya Mombasa, atakutana na "lele", "simeme", "pete", "file", "mbwene". Wengi hudhani ni msamiati mgumu wa kukariri, kama majina ya wanyama wa kike na wa kiume. Kumbe ni vitenzi vya kila siku. "Lele" ni lala, "simeme" ni simama, "pete" ni pata, "file" ni fa. Kiishio -ile, ambacho zamani kilionyesha tendo lililokamilika na hali yake ikabaki, kimejipenyeza ndani ya kitenzi na kugeuza irabu zake. Aliye "lele" amelala na bado yu usingizini.

Kiishio hiki hakikubuniwa na mshairi yeyote. Kimeenea katika lugha za Kibantu kutoka huku kwetu hadi kusini mwa Afrika. Wakikuyu wanacho, kwa sura ya -ire. Wazulu wanacho, -ile ile. Kiswahili cha kusini na cha kati kiliachana nacho katika usemi wa kawaida, cha kaskazini kikakishikilia zaidi, na ushairi ukakihifadhi. Gudrun Miehe, katika utafiti wake mkubwa juu ya lugha ya ushairi mkongwe wa Kiswahili uliochapishwa mwaka wa 1979, alivichambua vitenzi hivi kama mfumo, na mfumo ndio ulivyo.

Tena hakikufa kabisa. Zamani palikuwa na kitenzi "kumala", maana yake kumaliza. Kama "lala" ilivyozaa "lele", ndivyo "mala" ilivyozaa "mele". Wataalamu wa historia ya lugha hufuatilia -me- yetu ya "nimefika" na "amekula" hadi kwenye "mele" hiyo, iliyosagika ikabaki silabi moja. Yaani mtu anayesema kwamba -ile ni lugha ya wafu anaitumia kila anapotangaza kuwa "amechoka". Hali ni hiyo hiyo kwa -ta- ya wakati ujao. Ni mabaki ya "taka", nayo yote mazima yangali yanaonekana katika "atakayekuja" na "watakaoshinda". Mambo ya kale katika lugha hayatupwi. Hukunjwa yakatiwa mfukoni.

Waingereza nao walipitia njia hii, na inafaa kuwatazama, maana wengi wetu tulisoma Kiingereza cha zamani katika Shakespeare na katika Biblia ya mwaka wa 1611. Humo mna "hath" na "doth", na vitenzi vinavyoishia kwa -eth. Kiishio hicho kilikuwa na kazi yake: nafsi ya tatu umoja, basi. Kiishio -est kilikuwa cha "thou", wewe mmoja. Kiishio -s, ambacho leo ndicho sanifu, kilitoka kaskazini mwa Uingereza kikashuka hadi London, na Shakespeare anavitumia vyote viwili bila wasiwasi. Kufikia 1643 mwalimu mmoja wa tahajia, Richard Hodges, alikuwa akiwaambia wasomaji kwamba maneno mengi yaliyoandikwa kwa -eth hutamkwa kana kwamba yana -s. Kalamu ilikuwa imeachwa nyuma na ulimi, kama ilivyo desturi yake. Hata "will" yao ya wakati ujao ilianza kwa maana ya kutaka, sawa na -ta- yetu.

Wao pia wana mtego unaofanana na wa mpwa wangu. Katika wimbo wao wa taifa, kitenzi "save" hakina -s, na mwanafunzi aliyekariri kanuni ya nafsi ya tatu hudhani pamekosewa. Hapakukosewa. Ni dua, Mungu na amwokoe mfalme, na dua haibebi -s. Tofauti yetu nao ni kwamba mwanafunzi wao anayesoma Shakespeare hukuta maelezo chini ya ukurasa yanayomwambia kitenzi hiki ni nini na kinafanya kazi gani. Wetu hukuta jina la pipa.

Kosa la pili, na hapa nawageukia washairi wenzangu, ni la kuvaa nguo za marehemu bila kujua wapi ni mbele na wapi ni nyuma. Wako Waingereza wanaotaka kuchekesha kwa Kiingereza cha kale wakabandika -eth kwenye kila kitenzi, hadi "mimi" na "wao". Kwetu jambo hili halifanywi kwa kuchekesha. Nimesoma katika kurasa za mashairi beti zenye "wao mbwene" na "nimembwene". Mtunzi alisikia kwamba "mbwene" ni kuona kwa lugha ya kishairi, akalitia ili shairi linukie ukale.

Lakini "mbwene" ina mtu ndani yake. Kitenzi ona, kikiingiwa na -ile, hutoa "wene". Mwanzoni huwekwa sauti ya pua ambayo ni nafsi ya kwanza umoja, na sauti hiyo ikikutana na "w" huleta "mb", kama vile "-wili" inavyokuwa "wawili" kwa watu na "mbili" kwa nyumba. Basi "mbwene" ni sentensi nzima: mimi nimeona. "Wao mbwene" ni sawa na kusema "wao nimeona". "Nimembwene" imetaja mimi mara mbili na ukamilifu mara mbili, kama mtu aliyevaa kanzu juu ya kanzu akidhani ndio utu uzima.

Wala sisemi mshairi wa leo asiziguse sura hizi. Abdilatif Abdalla aliandika Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka wa 1973, kwa Kimvita chake, na kitabu kikapata tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta. Nguvu ya kitabu kile inatokana kwa sehemu na ukweli kwamba lugha ile ni yake, hakuikodi. Anayetaka kukodi na akodi, ila asome masharti kwanza.

Nini kifanyike? Sidai kwamba shule zifundishe watoto kuandika "hamwona" katika insha za usanifu. Usanifu una mahali pake. Ninachodai ni kidogo na kinawezekana. Mhariri wa diwani ya shule aweke maelezo ya vitenzi chini ya shairi, na maelezo yenyewe yaseme maana na kanuni: "hamwona, nikamwona; Kimvita, nafsi ya kwanza". Mtunga mtihani, kabla ya kuuliza ni uhuru gani umetumika, aulize kwanza kitenzi hiki kina maana gani na nani ndiye mtenda. Na mwalimu aliye Pwani awaulize wanafunzi wake nani nyumbani kwao bado husema hivi. Atashangaa mikono itakayoinuliwa.

Watoto wa Mwabungo hasa hawatapata shida. Wao hulala na Kidigo na kuamka na Kiswahili, na tangu utotoni wamezoea kwamba vitu vinavyofanana si lazima vifanye kazi moja. Mdigo akisimulia hadithi husema "achiamba", na hiyo "achi" yake humfanyia kazi ya "aka" ya Waswahili: akasema. Mgeni aliyejua Kiswahili pekee angeisikia kama "akiamba", akasubiri sharti ambalo halitakuja. Mtoto wa huku hasubiri. Amejua bila kufundishwa kwamba kila lugha isikizwe kwa masikio yake yenyewe. Kamusi ya Kidigo iitwayo Mgombato, iliyotoka mwaka wa 2004, huweka Kidigo, Kiingereza na Kiswahili pamoja, na laiti tungekuwa na kitabu cha namna hiyo kwa ajili ya vitenzi vya washairi wetu, kiwe mikononi mwa kila mwanafunzi wa fasihi.

Hiyo ndiyo heshima ninayoiombea Kimvita, Kiamu, Chifundi, Kivumba na ndugu zao: kisomwe kila kimoja kwa kanuni zake, kabla hakijahukumiwa kwa kanuni za mwingine. Anayesoma "hakulea" kwa usanifu hajakosea herufi hata moja. Amekosea mtu.

Jioni ile mpwa wangu alimpigia simu mamake. Sikusikiliza yote, nilikuwa nikikusanya viti. Nilichosikia ni pale alipomsomea barua, akaisoma kama ilivyoandikwa, bila kutia "nika" popote. Upande wa pili dadangu hakuhitaji tafsiri. Alicheka, akasema, "Wallahi ni kweli, alikulea. Mimi hupeleka hela tu." Mpwa wangu alitazama simu kidogo, kisha akanigeukia na kuuliza: "Mjomba, hiyo 'hupeleka' ya mama ni ya kila siku, au ni ya zamani?"

Nilimwambia swali zuri, tutalijibu juma lijalo.